Bahasha za Vita Zisitupwe

Mazungumzo juu ya faida ya kuhifadhi barua za zamani katika Likoni, Kisauni na Changamwe

Katika nyumba zisizo chache za Likoni, Kisauni na Changamwe limo sanduku la mbao au kasha la bati ambalo hufunguliwa kwa nadra. Humo huwekwa hati ya shamba, cheti cha ndoa, pengine nishani ya askari, na chini kabisa fungu dogo la barua. Karatasi za barua hizo zimegeuka rangi, na aliyeziandika amekwisha kufariki dunia. Nafasi ikihitajika, barua ndizo hutolewa kwanza. Watoto hubandua stempu kwa sababu ya picha zake nzuri, na bahasha iliyobaki hutumika kuwashia jiko.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba jambo hilo ni hasara kubwa. Bahasha ya zamani, hasa ile ya wakati wa vita, ina habari ambazo pengine hazikuandikwa mahali pengine popote, nayo huweza kuwa ukumbusho pekee wa mtu aliyesafiri asirudi.

STEMPU NA BAHASHA

Stempu ya kwanza ya kubandika ilitolewa Uingereza mwezi wa Mei, 1840. Haikupita miaka mingi kabla watu hawajaanza kuzikusanya. Wakusanyaji wa kwanza walitaka stempu peke yake, kwa hiyo waliziloweka majini, wakazibandua na kuzipanga kitabuni kwa nchi na kwa bei. Hata leo wako wengi wafanyao hivyo, wala si vibaya kwa stempu za kawaida ambazo zimechapwa kwa mamilioni.

Lakini wako wakusanyaji wa namna nyingine, na hao hutafuta bahasha nzima kama ilivyotoka mkononi mwa mpeleka barua. Kwao stempu ni sehemu moja tu. Kadhalika hutazama muhuri wa Posta, ambao huonyesha mahali na siku barua ilipotiwa, muhuri wa nyuma, ambao huonyesha ilipopitia au ilipofikia, malipo yaliyotozwa, alama ya mkaguzi, anwani, na mwandiko. Mambo hayo yakisomwa pamoja, safari yote ya barua hujulikana. Stempu iliyobanduliwa ni kama jiwe la kaburi lililong'olewa: jina laweza kusomeka, lakini hapana ajuaye tena ni nani aliyelala wapi.

POSTA ILIVYOANZA UPANDE HUU

Zamani kabla Mombasa haijapata Posta yake, barua za kwenda Ulaya zilivuka bahari kwanza hadi Unguja. Huko tangu mwaka 1875 palikuwa na Posta iliyoendeshwa na Serikali ya Bara Hindi, na stempu zake zilikuwa za Bara Hindi. Mwaka huo huo wa 1875 ndio uliojengwa mji wa Freretown, Kisauni, kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, chini ya wamisheni wa C.M.S. Kwa hiyo barua iliyotoka Kisauni siku zile haikuwa na jina la Mombasa katika stempu wala katika muhuri. Mtu hutambua ilikotoka kwa maneno ya ndani tu. Huo ni mfano wa kwanza wa kuonyesha kwamba bahasha na barua yake hazifai kutenganishwa.

Mwezi wa Mei, 1890, Kampuni ya Imperial British East Africa ilifungua Posta Mombasa na Lamu. Stempu zake za kwanza zilikuwa za Uingereza, zilizopigwa chapa ya jina la Kampuni na bei mpya kwa ana. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule zikaja stempu zake yenyewe, zenye picha ya jua na taji. Mwaka 1891 stempu za bei ndogo zilipungua Mombasa, na meli ya kuleta nyingine haikuwa imefika. Ndipo maofisa wa Kampuni walipochukua stempu za bei nyingine, wakaandika bei mpya juu yake, nyingine kwa kalamu, na kutia herufi za majina yao kuwa ushahidi. Stempu hizo zilizorekebishwa kwa mkono zimekuwa miongoni mwa zile zinazotafutwa sana katika stempu zote za Afrika Mashariki.

Tarehe 1 Julai, 1895, utawala ulitoka mikononi mwa Kampuni ukaingia katika Serikali ya Uingereza. Reli ikajengwa kutoka Mombasa kupita Changamwe hadi ziwani, ambako ilifika mwezi wa Desemba, 1901. Tangu hapo mifuko ya barua za bara ilipita Changamwe, na barua ambayo zamani ilibebwa kichwani na wapagazi kwa wiki nyingi ilifika kwa siku chache. Mwaka 1933 Posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na mwaka 1935 zikatokea stempu za picha zenye majina ya nchi zote tatu. Watu wa pwani watapendezwa na habari moja juu ya stempu hizo. Ile ya senti 5 ilikuwa na picha ya jahazi katika Ziwa la Viktoria, lakini katika chapa ya kwanza kamba moja haikufika kwenye tanga. Kosa hilo, ambalo baharia wa Likoni angaliliona mara moja, lilisahihishwa baadaye, na wakusanyaji hutofautisha stempu hizo mbili hata leo kwa kutazama kamba hiyo.

VITA VYA 1914 HADI 1918

Vita ya kwanza ilipoanza, majeshi ya Bara Hindi yaliletwa Mombasa pamoja na Posta yao wenyewe. Askari hao walitumia stempu za Bara Hindi zilizopigwa chapa ya herufi I.E.F. Mwezi wa Novemba, 1914, jeshi lao moja lilishambulia Tanga, likashindwa, na likarudi Mombasa mwezi huo huo. Barua zilizoandikwa na askari hao kabla na baada ya Tanga zilipigwa mihuri yenye herufi F.P.O. na namba, yaani Posta ya uwanja wa vita, bila jina la mji.

Kisiwa cha Mafia kilipotwaliwa Januari, 1915, stempu za Wajerumani zilizokutwa huko zilipigwa chapa ya jina la kisiwa na kutumiwa. Mwaka 1917 stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zilipigwa herufi G.E.A. kwa matumizi ya nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Kwa hiyo mtu akiziweka bahasha hizo kwa mfuatano wa tarehe, huona mipaka ya vita ikisogea mwezi baada ya mwezi.

Jambo moja la huzuni halina budi kusemwa. Barua za vita hivyo zilizo nyingi ni za maofisa wa Kizungu na za askari wa Kihindi. Wapagazi wa Kariakoo, ambao walichukua mizigo ya jeshi na kufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, hawakuacha barua nyingi, kwa maana wengi wao hawakujua kuandika. Ndiyo sababu kila kipande cha karatasi kinachohusu mmoja wao, hata kama ni cheti tu cha malipo au cha kuachishwa kazi, kina thamani kubwa katika historia kuliko stempu nyingi nzuri.

VITA VYA 1939 HADI 1945

Katika vita ya pili upande wa bara wa Mombasa uliingia vitani kwa namna nyingi. Kiwanja cha ndege cha Port Reitz, Changamwe, kilijengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika ya Kusini, kikatumiwa na ndege za manowari; mahali hapo ndipo palipo sasa Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Mwezi wa Aprili, 1942, Wajapani waliposhambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, kundi la manowari za Kiingereza za Mashariki lilihamia Kilindini, ng'ambo ya Likoni. Mabaharia kwa maelfu waliandika barua kwao. Barua za manowarini hazikupigwa muhuri wenye jina la Mombasa, ili adui asijue meli ziko wapi. Mtu asiyejua hilo akiona bahasha ya namna hiyo, hudhani haina habari yoyote; kumbe ule ukosefu wa jina ndio habari yenyewe.

Shida ya stempu nayo ilirudi. Stempu za Afrika Mashariki zilichapwa Uingereza, na mwishoni mwa Desemba, 1940, kiwanda cha De La Rue cha London kiliteketezwa kwa mabomu. Tena njia za baharini zilikuwa za hatari. Basi kuanzia tarehe 1 Julai, 1941, zilitolewa stempu za Afrika ya Kusini zilizopigwa chapa ya majina ya Kenya, Tanganyika na Uganda pamoja na bei za senti 5, 10, 20 na 70. Kwa kuwa stempu za kule zilichapwa kwa lugha mbili, moja kwa Kiingereza na ya jirani yake kwa Kiafrikaans, mkusanyaji hutaka mbili zilizoshikamana. Mtoto anayezitenganisha hupunguza thamani yake bila kujua.

Njia za barua pia zilibadilika. Tangu mwaka 1937 ndege kubwa za kutua majini zilikuwa zikichukua barua kutoka Southampton hadi Durban, zikipitia Kisumu na Mombasa. Italia ilipoingia vitani Juni, 1940, njia ya katikati ya Bahari ya Kati ilifungwa. Hapo barua za Uingereza zilizunguka kwa meli hadi Durban, kisha zikapanda na ndege za majini kupitia Lindi, Dar es Salaam, Mombasa na Kisumu, hadi Misri, Bara Hindi na mbele zaidi. Ramani ya safari hiyo ilifanana na kiatu cha farasi, na ndivyo wakusanyaji wanavyoiita. Bahasha yenye mihuri miwili, wa mbele na wa nyuma, yaonyesha siku ngapi zilipotea kwa kuzunguka huko.

Kila barua iliweza kufunguliwa na mkaguzi. Alikata ukingo wa bahasha, akaisoma barua, akafuta kwa wino au kukata kwa mkasi jina la meli, la mahali au la kikosi, kisha akaifunga kwa kibandiko chenye namba yake. Askari wa K.A.R. walipigana Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1942, na Burma mwaka 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Barua zao zilitiwa katika Posta za jeshi, zenye herufi A.P.O. na namba. Namba hiyo ilihama pamoja na jeshi. Wakusanyaji wamelinganisha tarehe na namba za bahasha kwa miaka mingi mpaka wakaweza kusema Posta gani ilikuwa wapi mwezi gani. Kwa hiyo mjukuu ambaye hakuambiwa na babu yake alipigana wapi, huenda akapata jibu katika namba iliyo juu ya bahasha.

Tena barua ya askari aghalabu haikuwa ya watu wawili tu. Askari asiyejua kuandika alimweleza mwenzake, mwenzake akaandika, mkaguzi akasoma, na ilipofika kijijini, mwalimu au karani akamsomea mama. Maneno yake ni machache na yanafanana: salamu, afya, fedha zilizotumwa, mbuzi, shamba la minazi, mtoto amekwenda chuoni au bado. Wengine huona si kitu. Lakini katika maneno hayo ndimo ilimo vita kama walivyoijua watu wenyewe, si kama ilivyoandikwa na majenerali.

MELI ILIYOPITA MBELE YA LIKONI

Meli zote zitokazo Kilindini kwenda baharini hupita mbele ya Likoni. Mwanzoni mwa Februari, 1944, ilipita hapo meli ya Khedive Ismail, ikiwa katika msafara wa kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500, na kati yao kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa dakika chache. Waliokufa walizidi 1,200.

Watu hao hawana makaburi. Askari aliyekuwa ameandika kwao kabla ya kupanda meli hakuweza kutaja anakwenda wapi, na kama alitaja, mkaguzi alifuta. Barua yake ilikwenda kwa gari la moshi au kwa miguu hadi kijijini, na pengine ilifika wakati mwandishi wake amekwisha kuzama. Bahasha ya namna hiyo, yenye muhuri wa siku za mwisho za Januari au za mwanzo wa Februari, 1944, kwa mkusanyaji ni kitu adimu. Kwa ukoo ni zaidi ya hayo: ni mahali pa mwisho ambapo mkono wa mtu wao uligusa. Aliyebandua stempu yake na kuitupa bahasha ameitupa tarehe, na tarehe ndiyo iliyokuwa ushahidi.

NAMNA YA KUHIFADHI

Hewa ya pwani ni adui wa karatasi. Unyevu hufanya gamu ishike na ukungu uote. Mende hula gamu, na mchwa hula vyote. Jua nalo hufifisha wino. Basi yafaa barua ziwekwe mahali pakavu, penye giza na penye hewa, juu ya ardhi na mbali na ukuta wa nje. Zisifungwe kwa mpira wala pini za chuma, maana chuma hushika kutu na kutoboa karatasi. Karatasi iliyochanika isifungwe kwa utepe wa kunata, kwani utepe huacha doa la manjano lisilotoka kamwe. Wala barua isipelekwe dukani kufunikwa kwa plastiki ya moto, kwa sababu hapo huharibika moja kwa moja.

Barua ibaki pamoja na bahasha yake. Stempu isibanduliwe wala kulowekwa. Stempu nyingine zilichapwa kwa wino na karatasi zisizostahimili maji, na rangi huondoka zikiguswa. Mtu asiandike kitu juu ya bahasha. Badala yake achukue karatasi nyingine, aandike kwa penseli jina la mwandishi, jina la mpokeaji, walivyohusiana, na habari zote wanazokumbuka wazee, kisha aiweke karatasi hiyo pamoja na barua. Kazi hii isiahirishwe. Mzee ajuaye mwandiko ule ni wa nani akifa, jina linakufa pamoja naye. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi ni rahisi pia kupiga picha ya bahasha mbele na nyuma, na kila mtu katika ukoo akawa na nakala yake. Picha ni msaada mzuri, lakini haifai kuwa sababu ya kuitupa bahasha yenyewe.

HILA ZA WAUZAJI NA WANUNUZI

Palipo na thamani hapakosi hila. Chapa za Mafia, za G.E.A. na zile bei zilizoandikwa kwa kalamu mwaka 1891 zimeigizwa mara nyingi, kwa kuwa ni rahisi kuandika au kupiga chapa juu ya stempu ya bei ndogo. Anayeanza kukusanya asinunue kitu cha bei kubwa kabla hakijatazamwa na mjuzi. Afadhali aanze na vitu vya kawaida vya mahali pake: mihuri ya Posta za pwani, bahasha za jamaa, kadi za Idi na za Krismasi. Mkusanyo mdogo wenye maelezo kamili ni bora kuliko kitabu kinene kisichojulikana vimetoka wapi.

Mwenye barua naye ajihadhari. Mnunuzi apitaye mlangoni akitaka “stempu kuukuu tu” pengine ajua zaidi ya asemavyo. Mwenye kutaka kuuza ana haki ya kuuza mali yake, lakini asiuze siku ile ile, wala asiuze kabla hajauliza bei kwa watu wawili watatu na kupiga picha ya kila kitu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na asiyetaka kuuza, lakini hana mahali salama pa kuweka, aweza kushauriana na makumbusho au na Nyaraka za Taifa zilizoko Nairobi, ambako karatasi za namna hii zina walinzi wake.

Stempu zenye wafalme na majahazi zimejaa katika vitabu vya wakusanyaji wa London na New York. Barua za askari na wapagazi wa pwani hazikujaa popote. Zilizosalia zimo katika masanduku ya Likoni, Kisauni na Changamwe, na ya vijiji vilivyo nyuma yake. Kwa hiyo sanduku likifunguliwa safari ijayo, fungu lile la chini litazamwe kwanza, mzee wa nyumba aulizwe, na penseli iwe tayari.